Weusi Usioiva

Siku Yaseen alipokuja na mdomo umefura kama wa mtu aliyeng'atwa na manyigu, Kadii alikuwa hajakaa kitako tangu alfajiri. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Aliteka maji na mapipa yamejaa. Alitoa leso yake mpya sandukuni, akaitazama, akairudisha, kisha akaitoa tena akaitandika kitandani kana kwamba kuna mtu wa kuivaa.

Ilikuwa siku ya kadzama. Mwanawe Karisa alikuwa anapelekewa tembo ya mnazi ya posa kwa kina Emily, kule Junju, ile ya kwanza ambayo wazee wa upande wa msichana wakiinywa basi maneno yamefunguka, na wasipoinywa mtu hurudi kwao na aibu yake. Na kwa desturi ya nyumba ya kina Kadii, mama mzaa kijana haendi. Wanaume ndio wanaokwenda. Mama hukaa kwake angoje kuletewa habari.

Sasa mwambie Kadii angoje! Mwanamke huyu hata ugali akiusonga huusonga anatembea. Mumewe, marehemu Dena, alikuwa akisema kwamba amemuoa kuku wa kienyeji, hashikiki ila usiku. Kadii alikuwa akicheka. Alijua ni kweli, na hakuona ubaya wake.

Kazi yake ni visu. Usije ukadhani anavifua, hafui. Kufua ni kazi ya wahunzi, nao wapo wengi, wanachukua springi za magari makuukuu wanazigonga mpaka zinakuwa visu na mapanga. Kadii huvipokea vikiwa uchi, vimetoka kwenye tupa sasa hivi, akavivisha. Ndivyo anavyosema mwenyewe, kuvivisha. Maana huku kwetu chuma kilicho uchi hakikai. Hewa ya chumvi hukila kwa siku chache, kikawa chekundu kama udongo wa Ganze.

Na kila mtu ana vazi lake. Wapiga mbizi wa pweza wanataka bapa lisilong'aa, lisije likawaita samaki wasiowataka. Wachinjaji mbuzi wa Mariakani wanataka kisu cheupe pe, kilichopigwa msasa mpaka mtu ajione meno, waonyeshe kwamba hawana uchafu wa kuficha. Warina asali wanataka kijivu cha ukwaju. Kadii huchemsha ukwaju, anakilaza kisu humo, na asubuhi kinatoka na rangi ya wingu la mvua. Na vijana wanaotembeza wageni, hao ndio wasumbufu, wanataka urembo. Mmoja anataka milia, mwingine anataka wavu, mwingine jani. Kadii hupaka nta kwenye bapa kwa umbo la hilo jani, akapaka rangi kote, kisha nta ikitoka jani linabaki jeupe. Wageni wakiliona wanapiga picha, na kijana anajiona mtu.

Lakini vazi linalomfanya ajulikane Kilifi mpaka Malindi ni weusi. Weusi wa mafuta ya maganda ya korosho. Hayo mafuta aliyajua angali msichana, alipokuwa akibangua korosho kiwandani na wanawake wenzake, wamejipaka majivu mikononi na bado wanachubuka. Kile kiwanda kilipofungwa, wengine walilia, wengine walirudi shambani. Kadii alirudi na viganja vyenye madoa ambayo hayajatoka mpaka leo, na hasira. Akasema mafuta yaliyomtoa ngozi yote ile lazima yamfanyie kazi. Akajaribu kwa panga la Dena. Akalipaka kwa unyoya wa kuku, akaliweka juu ya makaa, likatoa moshi mpaka majirani wakaja kuuliza nani anachoma tairi. Lilipopoa lilikuwa jeusi kama sufuria ya arusini, na mvua tatu kubwa za mwaka ule hazikulitia kutu.

Wanaume walimcheka. "Mwanamke na visu!" walisema.

"Hivyo mnavyokula kila siku hukatwa na nani?" akawauliza.

Siri ya weusi ule ni moto. Mafuta ya korosho mabichi ni sumu, yanababua mtu kama maji ya betri. Lazima yaive juu ya chuma. Kisu kinakaa motoni, moshi unatoka mzito, kisha mwepesi, kisha unakoma kabisa. Ukishakoma, unangoja kipoe, unakifuta na kitambaa cheupe kilichoroweshwa. Kitambaa kikibaki cheupe, kisu kimeiva, hata mtoto atalambia asali. Kikitoka na rangi, rudisha motoni. Hakuna jingine. Ila hilo la kungoja.

"Hodi, mama Karisa. Shikamoo," alisema Yaseen, mlangoni.

"Marahaba. Na huo mdomo umeuazima wapi?"

Yaseen hakucheka, hata angetaka asingeweza. Ni kijana wa Bofa, anawachukua wageni kulala kambini kando ya hori, anawachomea samaki, anawaonyesha ndege. Juzi tu alichukua kisu chake kipya kwa Kadii, cheusi, chenye jani la mwarubaini jeupe ubavuni. Sasa alikitoa kiunoni, kimefungwa kwa gazeti, akakiweka juu ya kiti kama mtu anayeweka nyoka.

"Jana nilikata embe kwa kisu hiki," alisema. "Nikala kipande kimoja kabla ya kuwapa wageni. Usiku mdomo ukaanza kuwaka. Asubuhi nikaamka hivi."

"Embe gani?"

"Boribo."

"Haa! Boribo ina utomvu. Uliliosha?"

"Mama, mimi nimekulia kwenye miembe. Utomvu wa embe naujua."

"Unaujua halafu unaula?" Kadii alikuwa ameshika fagio, akaanza kufagia pale aliposimama kijana, mpaka ikabidi Yaseen aruke. "Nimevisha visu kabla hujazaliwa. Hujasikia hata siku moja kisu cha Kadii kimembabua mtu."

"Sijasikia," Yaseen alikubali. "Ndiyo maana nimekuja kwako, sikuenda kusema barabarani. Mimi nataka kujua tu kama ni mafuta, ili nijue natafuta dawa gani. Wageni wangu hawakula, alhamdulillahi. Wangekula ningekuwa nimefunga kazi."

Maneno hayo ya adabu ndiyo yaliyomchoma. Laiti angemtukana, wangetukanana, yakaisha.

"Paka mafuta ya nazi," alisema Kadii. "Nenda na zahanati wakuone. Kisu kiache."

"Kwa hiyo ni mafuta?"

"Nimesema kiache!"

Yaseen alipoondoka, Kadii alifunga mlango. Alichana kipande cha shuka nyeupe, akakitia maji, akakipitisha juu ya bapa, mara moja, taratibu, kama anavyomfuta mtoto uso. Akakitazama penye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na rangi ya kahawia, rangi ya chai ya rangi.

Akakaa. Siku nzima hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukaa.

Alikumbuka vizuri. Ilikuwa inanyesha, makaa yalikuwa mabichi, jiko linakohoa tu. Fundi cherehani alikuwa amempigia simu kwamba anafunga duka, aje achukue kanzu ya Karisa ya kuendea ukweni, la sivyo mpaka wiki ijayo. Na moshi ulikuwa bado unatoka kwenye visu. Mwembamba, lakini unatoka. Akajiambia kwamba ule ni mvuke wa mvua. Akavitoa, akavipanga ukutani, akajitupia leso kichwani akatoka mbio. Na aliporudi usiku hakuvifuta kwa kitambaa. Vilikuwa vyeusi, vinapendeza. Nani angevifuta?

Nikisema visu, ni viwili tu vilivyokuwa kwenye moto ule. Kimoja hiki cha Yaseen. Cha pili ni kotama ya Kitsao.

Kitsao ni shemeji yake, mdogo wake Dena, mgema wa minazi tangu ndevu zake zilipoota. Na kotama ni kile kisu chake cha kugemea, kifupi, kimepinda, chembamba kama mwezi mchanga. Hakuna aliyemwomba Kadii aivishe. Aliiona mwenyewe imechomekwa kwenye makuti, ina kutu shingoni, akasema haiwezekani kadzama ya mwanangu ikatwe kwa kutu mbele ya Baya wa Junju, babake Emily, mzee ambaye watu wanasema hunusa tembo akajua mnazi ulipoota. Akaichukua. Akaitia weusi, akaiwekea milia mitatu myeupe ubavuni iwe nzuri, akamrudishia Kitsao kwa mikono miwili, mbele za watu. Kitsao aliipokea akaitazama sana. "Ahsante, shemeji," alisema, akaichomeka mkandani.

Kwa kotama hiyo Kitsao amekata makarara, yale mashina ya maua ya mnazi, tangu siku ile. Mara asubuhi, mara jioni, chuma kinagusa jeraha la mnazi na utamu unapita hapo hapo unadondoka kibuyuni. Na kibuyuni ndimo ilimotoka kadzama.

Alipiga simu ya Kitsao. Yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia mteja hapatikani. Akapiga tena. Akakata. Akaitazama namba ya Karisa kwa muda mrefu, kidole kiko juu yake. Karisa angepokea. Lakini Karisa yuko katikati ya wazee, na simu yake inasikika kama redio, angeanza kuuliza, "Nini mama? Sumu gani mama?" na pale pale wakwe wote wangejua kwamba mama wa kijana amewapelekea ukoma wa midomo. Na wasingejua hivyo kwa kinywa chake yeye. Wangejua kwa simu. Akasema la, hili nitalibeba mwenyewe mpaka nilitue.

Akaichukua ile leso mpya, akajifunga, akatoka.

"Twende," alimwambia kijana wa bodaboda. "Kwa Kitsao mgema, ukishavuka daraja nitakuonyesha. Na upesi."

Wakavuka daraja, upepo unataka kumvua leso. Kila lori lilipowatangulia Kadii alimgonga kijana begani.

"Mama, tunakimbizwa na nani?"

"Endesha."

"Nauliza ili nijue niangalie nyuma au mbele."

"Angalia mbele kabla sijakushusha nikaendesha mimi."

Kijana akacheka peke yake, akaongeza mwendo.

Nyumbani kwa Kitsao walimkuta mkewe anachambua mchicha. Alipomwona Kadii na leso ya sherehe, akashika kiuno.

"Si ulitakiwa ukae kwako wewe?"

"Wako wapi?"

"Wamekwenda zamani. Kitsao kaubeba mtungi mwenyewe, hakutaka mtu auguse."

"Ameionja ile tembo?"

Mke wa Kitsao akamtazama kama aliyeulizwa jina la babaye. "Kitsao? Kitsao ameokoka, mama Karisa, umesahau? Anagema tu. Tangu abatizwe hajaitia mdomoni. Kila siku mchungaji anamwambia aache na ugemaji, naye anamjibu minazi haijaokoka."

Siku nyingine Kadii angecheka mpaka akajishika mbavu. "Kwa hiyo hakuna aliyeionja?"

"Nani aionje kadzama ya watu? Kwani kuna nini?"

Lakini Kadii alikuwa amekwisha kupanda pikipiki.

Njia ya Vipingo ni ndefu kwa mtu mwenye wasiwasi. Mkonge kulia, mkonge kushoto, mistari iliyonyooka, haina mwisho. Kadii aliitazama akaona kila mstari ni mzee mmoja amekaa kwenye mkeka anafura mdomo. Mikono yake haikutulia. Mara aifunge leso, mara aifungue. Aliyatunga maneno ya kusema, akayafuta. Kwanza aliyatunga hivi, kwamba mvua ilikuwa nyingi. Kisha hivi, kwamba siku hizi makaa yanayouzwa ni mabichi, wauzaji hawana imani. Kisha kwamba fundi cherehani ndiye aliyemharakisha. Yote yalikuwa kweli, na yote aliyaona hayafiki. Akaja kwenye lile moja, akaliruka. Akarudi kwenye mvua.

Walipokata kuingia Junju, njia ikawa ya mchanga, pikipiki ikaanza kuyumba. Kadii akashuka ingali inakwenda.

"Mama!" kijana akapiga kelele.

"Nitafika mapema kwa miguu," alisema, akapandisha leso akakata mbio, mwanamke mwenye wajukuu wa dada zake.

Nyumbani kwa Baya watu walikuwa wamekaa nje, kivulini mwa nyumba, kwenye mikeka. Upande huu wazee wa msichana, upande ule wazee wa kijana, na Karisa amejikunyata ndani ya kanzu yake mpya. Katikati mtungi. Kitsao alikuwa amepiga magoti anachota kwa kata, na kata ilikuwa njiani inakwenda kwa Baya.

"Msinywe!"

Vichwa vyote viligeuka. Baya alikuwa ameshanyoosha mkono. Mzee mrefu, mkavu, kofia yake imekaa sawasawa. Hakuurudisha mkono wala hakuipokea kata.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Karisa akatazama mkeka. "Ni mama," alisema.

"Mama wa kijana?" Baya akawatazama wazee wa upande ule. "Kwenu kadzama hufuatwa na mama siku hizi? Au mmekuja na askari wa kuilinda?"

Wazee wawili watatu wakacheka. Kadii alisimama pale kwenye ukingo wa mkeka, anahema, mchanga umempanda mpaka magotini.

"Nifukuzeni baadaye," alisema. "Kwanza ile kata iwekwe chini. Kitsao, iweke chini, nakwambia."

Kitsao akaiweka.

"Juzi mvua ilikuwa nyingi," alianza Kadii. Wakamngoja. "Na makaa... makaa siku hizi..." Alimwona Emily amesimama nyuma ya mlango, jicho moja tu linaonekana. Basi akalitoa lile moja. "Ile kotama iliyogemea tembo hii niliivisha mimi, kwa mafuta ya korosho. Niliitoa motoni haijaiva. Niliona moshi nikajifanya sikuuona. Kisu cha pili cha moto ule ule kimembabua kijana wa watu mdomo leo hii. Msiinywe. Kosa si la Karisa wala si la Kitsao. Ni langu."

Mzee aliyekaa karibu na kata akajivuta nyuma.

Kisha Kitsao akaanza kucheka. Alicheka polepole, kwa aibu, akatia mkono mgongoni, akachomoa kotama kwenye mkanda, akainyoosha juu watu waione.

Ilikuwa nyeupe. Haikuwa na weusi, wala milia. Imekwaruzwa kwa jiwe la matumbawe na mchanga, ina mikwaruzo kila upande kama mguu wa mtoto wa kupanda miembe.

"Shemeji," alisema Kitsao, "ulipoondoka tu siku ile nilikaa chini nikaikwangua. Nilishindwa kukwambia. Kule juu kwenye makuti kuna giza, mimi hujua makali yalipo kwa kuyaona yanang'aa. Kisu cheusi ningejikata kidole. Na harufu yake! Tembo hushika harufu, wewe hujui? Wangekunywa moshi wa kiwanda."

Ungedhani Kadii angeanguka magotini ashukuru. Hakufanya hivyo hata.

"Umeikwangua?" alisema.

"Nimeikwangua."

"Kazi yangu? Kwa jiwe?"

"Si umesema mwenyewe ni sumu?"

"Nimesema sumu leo! Siku ile ulijuaje? Siku ile ilikuwa nzuri, na watu waliiona ilivyokuwa nzuri! Ungeniambia nikutolee mwenyewe kwa msasa, ikawa nyororo, si kuiparura parura kama unafuta magaga! Tazama! Tazama bapa lilivyo! Hilo ni bapa la kuja nalo ukweni?"

"Mama," alisema Karisa, kwa sauti ya mtu anayezama.

Upande wa wanawake, kwenye baraza ya nyuma, mtu aliangua kicheko. Alikuwa Hannah, mamake Emily, mwanamke mnene mwenye sauti nzito. "Mwacheni!" alisema. "Mwacheni agombe, mimi nimempenda!"

Lakini Baya hakucheka. Aliinua mkono, wakanyamaza.

"Tembo iliyotajwa sumu mbele ya mlango wangu," alisema, "siwezi kuinywa kwa sababu shemeji ya mtu amecheka. Kisu nimekiona ni cheupe. Sawa. Lakini neno limeshatoka. Mimi ni mzee, wazee wenzangu hawa nimewaita mimi. Naona mwende nayo, mje siku nyingine."

Karisa akainamisha uso mikononi. Kwenda nayo na kuja siku nyingine, kila mtu pale alijua maana yake. Mara nyingi hiyo siku nyingine haifiki.

Kadii akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kotama."

Kitsao akampa. Akaigeuza kwenye jua, akaileta karibu na jicho. Bapa lilikuwa safi, alikubali moyoni, baya lakini safi. Akaenda mpaka shingoni, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, mahali ambapo jiwe halifiki. Hapo palikuwa na pete nyembamba, nyeusi.

Hakuna mwingine aliyeiona. Angeweza kuirudisha ile kotama akasema iko safi, tunyweni. Kwa kitambo kidogo alifikiria hivyo hasa.

"Hapa kumebaki," alisema, akamwonyesha Baya kwa ukucha. "Padogo. Huenda hapakugusa mnazi, maana mgema hakati kwa shingo ya kisu. Huenda paligusa. Mimi sijui, na Kitsao hajui. Basi mtanivumilia. Nitainywa mimi kwanza, nyote mnione. Nikibabuka, tutaibeba twende zetu. Nisipobabuka, mtakunywa."

"Mwanamke kuanza kadzama!" alisema mzee mmoja.

"Aliyetia shaka ndiye wa kuitoa," alijibu Baya, akawaza kidogo. "Mpe."

Kadii akapokea kata kwa mikono miwili. Hakuionja, aliinywa. Aliinywa yote, akaizungusha mdomoni, akailamba midomo juu na chini, kisha akajifuta kwa mgongo wa mkono na kusimama. Tembo ilikuwa tamu, changa, na ilikuwa na ule uchachu mdogo wa asubuhi. Kitsao anajua kazi yake, hilo mtu hawezi kumnyima.

Wakangoja. Watu wote, upande huu na upande ule, wakamtazama mdomo. Hajapata kutazamwa mdomo na wanaume wengi kiasi kile hata alipokuwa msichana. Alitaka kutembea, akaona akitembea watadhani anawashwa. Alitaka kujikuna shingo, akaacha. Mguu wake ulikuwa unacheza wenyewe kwenye mchanga, na hakuweza kuuzuia.

"Basi?" aliuliza Baya.

"Bado."

Jua likasogea kidogo kwenye ukingo wa mkeka. Mzee mmoja akakohoa.

"Unasikia nini?" aliuliza Baya tena.

"Sisikii kitu. Bado."

"Mama Karisa, tembo inachacha hii."

"Na ichache! Mafuta yale nimeyabeba mwilini miaka, nayajua yanavyokuja. Huja polepole, kama mgeni asiyetaka kupiga hodi. Nilivitoa visu motoni kwa sababu sikutaka kungoja. Leo nitangoja, nanyi mtangoja nami."

Ajabu, Baya akatikisa kichwa kukubali, akaegemea ukuta, akatulia. Hannah akatoka barazani, akaja kusimama karibu na Kadii, akamtazama midomo kwa karibu, jinsi mtu anavyotazama dagaa sokoni.

"Ilikuwaje ya kijana wa watu?" alimnong'oneza.

"Imefura mpaka hapa."

"Yako iko vile vile. Mikavu tu."

"Bado," alisema Kadii.

Wakangoja mpaka wazee wengine wakaanza kuzungumza habari za mahindi, na mmoja akasinzia. Karisa hakuinua uso hata mara moja. Mwishowe Kadii akapitisha ulimi kwenye midomo, juu, chini, pembeni, akabana macho anasikiliza, na hakusikia ila ladha ya tembo na ya mchanga wa njiani.

"Kunyweni," alisema.

Baya hakupokea kata mara moja. Aligeuka kuelekea mlangoni, kama inavyotakiwa. "Emily! Njoo hapa mbele za watu. Tembo hii imeletwa kwa ajili yako, nawe umeyasikia yote. Tuinywe, au tusiinywe?"

Emily akatoka. Msichana mrefu kama babaye. Alimtazama Karisa, kisha akamtazama Kadii kwa muda mrefu zaidi, leso mpya imejaa mchanga, mkono umeishika kotama kama mtu anayetaka kupigana nayo.

"Kunyweni, baba," alisema. "Ila huyu mama asije akanifundisha kungoja. Sitaweza."

Safari hii Baya ndiye aliyeanza kucheka, na kofia ikamwendea upande. Kitsao akachota, kata ikazunguka, maneno yakafunguka.

Hannah akamshika Kadii mkono, akamvuta nyuma ya nyumba kwa wanawake. "Wewe hapa mbele huna kazi tena. Njoo tukune nazi."

Wakampa mkeka na mbuzi ya kukunia. Kadii akakuna nusu ya nazi, akanyanyuka kuchungulia wanaume. Akarudi. Akakuna kidogo, akanyanyuka tena, amesikia kama mtu anakohoa.

"Mama Karisa," alisema Hannah, "anakohoa kwa sababu anakunywa haraka. Kaa."

"Nimekaa."

"Hujakaa. Hata viatu hujavua."

Kadii akavitazama viatu vyake, akaketi kwenye ukingo wa mkeka, nyayo ziko mchangani, na hakuvivua.